Gofu la Faza

Mzungu wa serikali alipofika Faza akauliza wapi atapata mahali pa gofu, wazee walitazamana, kisha wakampeleka kwenye magofu. Walikosea wapi? Gofu ni gofu: nyumba iliyokufa, paa chini, popo ndani. Na nti ya Pate, kisiwa kizima, alhamdulillahi, haijapata kupungukiwa na magofu. Mzungu kuona zile kuta zilizobomoka na nyasi katikati, akafurahi kama kapewa ufalme. Akachimba vishimo vyake, akatangaza kwamba kila mwenye fimbo na aje acheze. Watu wakasema masikini, jua limemwingia kichwani.

Habari hizo zilipovuka maji zikafika mji wa Amu, Ridhwani nusura aruke dirishani kwa furaha. Huyu alikuwa mchonga milango. Mwaka mmoja alikaa Mombasa akichonga mlango wa tajiri, na kazi ikiisha alikuwa akiwachungulia Wazungu wakipiga vipira vyao, kisha naye anachukua gongo la mkoko na kupiga vifuu vya nazi mpaka majirani wanamshtaki. Mchezo aliujua, au alidhani anaujua. Lakini kilichomrusha roho si mchezo. Ni kwamba gofu lenyewe liko Faza, na Faza ndiko alikokaa Khairiya binti Badawi.

Uso wa Khairiya hajapata kuuona. Alikuwa mjane kijana, amerudi kwa baba yake, na Ridhwani alikwenda pale kutengeneza mlango. Yuko katika kuchonga ua la waridi, mara sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Fundi, ua lako limelala." Akatazama. Kweli limelala. Tangu siku hiyo yeye ndiye asiyelala. Akamaliza visingizio vyote vya kwenda Faza: mikeka, samli, maziko ya watu asiowajua. Na kila akikaa mbele ya Bwana Badawi kumposa binti, ulimi unaganda, anaishia kuuliza habari za mbuzi.

Sasa ikasikika kwamba kuna watu wa Siyu wameshapeleka posa, na leo baada ya alasiri watakuja kupokea jibu. Leo ama aseme, ama akaoe mlango.

"Umekuja kucheza au kuposa?" rafiki yake Gharib alimuuliza walipokuwa wakishuka mashuani.

"Kucheza."

"Mbona unanukia udi?"

Mji mzima ulikuwa nje. Mzungu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kikichechemea lakini kinafika, akampa Ridhwani kipira cheupe na sheria moja: mpira hupigwa palepale ulipoangukia, wala haushikwi kwa mkono. Ridhwani akauliza kama na ukuta ni sehemu ya mchezo. Mzungu akasema kila kitu ni sehemu ya mchezo.

Basi! Pigo la kwanza liligonga gofu, mpira ukarudi, ukampita Gharib sikioni. La pili likaupeleka chini ya mbuzi, na mbuzi akaukalia. Watu wa Faza wakawa wanahesabu kwa sauti, kila pigo na kelele zake, maana nani asiyejua kwamba mwenye mengi ndiye mshindi? Mzungu mapigo manne tu, masikini, kachoka mapema. Ridhwani kumi na moja! Wanawake madirishani wakapiga vigelegele. Ridhwani alijua fika kwamba hesabu inakwenda kinyume, lakini mtu mwenye akili timamu hakatizi vigelegele. Akaanza kuinama kwa madaha, akachezesha mabega, akapiga mpira ukaingia ukumbi wa gofu moja ukatokea ukumbi wa gofu jingine, na popo wote wakatoka kuangalia kuna nini. Hata Mzungu alicheka mpaka akaishika kofia yake.

"Ridhwani," Gharib akamnong'oneza, "alasiri hiyo inakuja."

Shimo la mwisho lilikuwa kando ya ndia ya kisimani, kupita nyumba ya Bwana Badawi. Na Bwana Badawi mwenyewe yuko barazani, tasbihi mkononi.

"Fundi," akasema, "mbuzi wangu hawajambo, kama ndilo ulilojia."

Watu wakaangua kicheko. Ridhwani akatahayari, akapiga bila kutazama, kwa nguvu zake zote na za marehemu babu yake. Mpira ukapaa, ukavuka ukuta, ukatua uani kwa Bwana Badawi. Ndani kitu kikalia *chubwi*, na kuku wakapiga mayowe.

"Sheria ni sheria," akasema Mzungu. "Aupige palepale."

Bwana Badawi akasimama. "Palepale wapi? Nyumba yangu si gofu!" Akamgeukia Ridhwani, ndevu zinamtetemeka. "Mwanamume anayeingia uani kwangu ni mmoja katika watatu: ndugu, mwizi au mkwe. Wewe ni yupi?"

Ridhwani alihisi ulimi unaanza kuganda kama desturi yake, na swali la mbuzi linakuja mdomoni. Akalimeza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Ndugu yako si mimi, Bwana," akasema. "Na mwizi si mimi."

Akaliweka gongo begani.

"Hesabu imebakisha mmoja."

Faza ikalipuka! Gharib akamkumbatia Mzungu, ambaye hakujua kwa nini anakumbatiwa. Bwana Badawi peke yake hakucheka. Akainua mkono mpaka wote wakatulia.

"Watu wa Siyu sijawapa neno," akasema taratibu. "Na mwanamwali akinyamaza amekubali, lakini mwanangu ni mjane, lazima atamke. Nitamuuliza hapahapa. Akisema hapana, fundi, Faza hutaikanyaga tena, wala kwa mikeka wala kwa maziko. Umeridhika?"

Ridhwani akaitikia kwa kichwa.

"Khairiya! Umeyasikia?"

Kuku mmoja akalalamika. Ridhwani akafumba macho.

"Nimeyasikia, baba." Ilikuwa sauti ileile. "Mwambie fundi mpira haupigiki tena. Umeingia ndani ya chungu cha tui. Nimeutoa, nimeuosha, nimeufunga kwenye pindo la leso yangu. Nimeupokea kuwa kishika uchumba."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika, nadhani, mpaka Siyu.

"Lakini mpira ameushika kwa mkono," Mzungu akalalamika. "Basi huyu ameshindwa!"

"Nimeshindwa!" Ridhwani akapiga ukelele, machozi yanamtoka huku anacheka. "Wallahi nimeshindwa!" Na kwa furaha akalitupa gongo lake juu, juu kabisa, nalo likavuka ukuta likatua uani, na kuku wakaanza upya.

"Baba," sauti ikasema, "mfungulie mlango mume wangu, kabla hajaturushia na mashua."