Seli Isiyohesabu Kura

Kwa nini seli inayochochewa na nyaya kumi inyamazishwe na waya mmoja unaokataa? Swali hilo nililiandika pembezoni mwa daftari la maabara siku ya Jumatatu. Kufikia Alhamisi sikuwa na jibu. Nilikuwa na Profesa.

Kwa miaka mitatu, na kwa slaidi zilezile, Profesa ametufundisha kwamba seli ya neva huendesha mambo yake kama mkutano wa watu wema. Matawi yake hupokea ishara za kuchochea na za kuzuia, seli hujumlisha, kisha wengi wape: wanaosema "piga" wakiwazidi wanaosema "acha", seli hupiga. Bahati mbaya, seli yangu ilitoka kwa konokono ambaye hakuwahi kuhudhuria mihadhara hiyo: katika vipimo vitatu, waya mmoja uliwashinda wale kumi.

"Futa vipimo hivyo vitatu," aliniagiza. "Ni kelele za mashine. Ukivibakiza katika tasnifu, hutahitimu mwaka huu."

Fundi wa maabara, ambaye sote tunamwita Mama Nyaya, alisubiri mpaka mlango ufungwe.

"Mashine yangu haina kelele. Mwenye kelele ndiye huyo katoka. Haya mwanangu, huo waya wa kukataa umeuchomeka wapi?"

"Karibu na shina, Mama, pale mpigo unapoanzia."

"Na hizo kumi za kuchochea?"

"Mbali, kwenye ncha za matawi."

"Basi uhamishe na huo, tuone jeuri yake."

Niliuhamishia nchani, seli ikapiga. Nikaurudisha shinani, ikanyamaza. Tulirudia mpaka Mama Nyaya akaanza kucheka. Ishara za mbali hufifia njiani, na aliyekaa mlangoni huzima hata hicho kidogo kilichofika.

Ijumaa, idara ilikaa kuijadili tasnifu yangu. Baba alikwisha kushona suti ya mahafali na kuitangaza mtaa mzima. Walimu wanane, waliotawanyika hadi mwisho wa meza, walisema vipimo vibaki, ingawa kwa sauti za watu waliokuja kuhani msiba. Kisha Profesa, aliyeketi bega kwa bega na Mwenyekiti, akakohoa mara moja.

"Naona hatujaafikiana," Mwenyekiti akasema, akifunga faili.

"Ni wanane kwa mmoja, Mwenyekiti," akanong'ona mhadhiri kijana kutoka huko mbali.

"Sayansi haipigiwi kura, ndugu yangu," Profesa akamjibu.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, alikuwa amesema jambo ambalo seli yangu ingeliafiki.

Mwenyekiti alinigeukia. "Binti, usitupotezee muda. Unavifuta, huvifuti?"

"Sivifuti," nikawaambia wote. "Nitawasilisha vipimo vyote, pamoja na vile vya jana. Kama ni kurudia mwaka, nitarudia."