Mfuko wa Siri

...na nikiikata ile siku ya kupumzika, hela ya chumba inahamia kwenye taksi, maana basi la pili linaingia saa tatu usiku na mwanamke mmoja mwenye begi mgongoni hashuki kituoni saa tatu usiku akaanza kuuliza njia, hapana, taksi, tena ya kuitiwa na watu wa nyumba ya wageni, siyo ya kuokota barabarani, kwa hiyo bei mara mbili, "simama wima dada, unayumba," fundi anasema, ana pini nne mdomoni, sijui anaongeaje bila kuzimeza, amepiga magoti nyuma yangu na chaki yake, nami nimesimama juu ya stuli mbele ya kioo chenye ufa, suruali mpya ya safari nimeivaa imegeuzwa, mishono yote nje, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, karani wa mafaili hospitalini, mwenye likizo ya miezi miwili bila mshahara ambayo mkuu wa idara aliitia saini huku akitikisa kichwa, "mfuko nauweka hapa kiunoni, sawa? mtu akikukumbatia asiusikie," sawa, nasema, nani atanikumbatia... niko sawa, siko sawa, tangu asubuhi siko sawa, tangu mwenzangu wa ofisini aliponivuta kwenye makabati akaniambia usinichukie jamani, mume wangu amekataa katakata, anasema wanawake wawili kuzunguka nchi tano kwa mabasi wanatafuta nini, na mimi kwa sauti tamu hamna shida mpenzi, hamna shida kabisa, kisha nikajifungia chooni na daftari, kwa sababu daftari zima limepigiwa hesabu ya watu wawili, chumba nusu kwa nusu, taksi nusu kwa nusu, dawa ya mbu moja, sabuni moja, na mtu wa kubaki na mabegi mwenzake akienda haja, hilo sikuliandika kwa sababu halina bei, sasa begi langu nitaingia nalo chooni, kilo kumi na moja, nitachuchumaa na kilo kumi na moja mgongoni kama kobe, "unacheka nini?" hakuna, nimekumbuka kitu tu, endelea... na kufuli mbili, na filimbi, na kabari ya mbao ya kusukumia chini ya mlango, na pete ya shaba niliyonunua jana, kidole kimeshaanza kuwa kijani, mume wangu wa kubuni, mhandisi wa barabara, nimempa na kazi maskini, mkali sana, ananisubiri kituo kinachofuata, simu yake haipatikani, ukurasa mzima wa vitu vya kununua na hakuna hata kimoja cha kunifurahisha, vyote ni vya kumzuia mtu ambaye sijamwona wala simjui, ningejumlisha ukurasa huo ningepata siku sita zaidi za safari, siku sita nzima mtu huyo amezila na hata sijui ana sura gani... simu inatetemeka kwenye mkoba, ni mama, ni saa yake hii, simpokei, mama alikubali kwa sababu ya mwenzangu, mkiwa wawili sawa mwanangu, mmoja akiugua mwingine yupo, na nikimwambia niko mmoja atauliza lile lile, utalala wapi, swali la baba lile, mama amelirithi tu pamoja na redio.

Baba aliendesha lori la mizigo, akiondoka ni wiki tatu, akirudi ana vumbi masikioni na majina ya miji niliyoyakariri kuliko masomo ya shule, na kila likizo ikifika nasimama mlangoni, nichukue baba, anacheka, we mtoto wa kike utalala wapi? akamchukua kaka, kaka aliyetapika kutoka daraja la kwanza mpaka mwisho wa safari, na aliporudi nikamuuliza umeona nini akasema hakuna kitu, barabara tu, nilitaka kumpiga, barabara tu! "inua mkono," nainua, na mimi tangu siku ile namjibu baba, nadhani ndicho ninachofanya, baba yuko kaburini mwaka wa tisa na mimi bado namjibu, usiku arobaini na moja, kila usiku na jina la nyumba ya wageni, bei, mlango unafungwa kwa ndani au haufungwi, kuna mhudumu nilimpigia mara tatu akaniuliza mama, wewe ni polisi? arobaini na moja, na thelathini na nane zimejaa, zimebaki tatu, kati ya mpaka wa tatu na wa nne, hakuna anayejua, mmoja anasema mnalala ndani ya basi, mwingine anasema kuna mama anakodisha vyumba nyuma ya kituo cha mafuta, mwingine anasema inategemea, sasa inategemea ni shilingi ngapi? tukiwa wawili nilijiambia tutaona huko huko, peke yangu siwezi kujiambia hivyo, ndiyo maana mchana nimemwandikia mkuu wa idara, naomba nirudi kazini wiki ijayo, safari imeahirishwa, ujumbe uko kwenye simu, sijautuma, nilisema nikitoka kwa fundi nitautuma, nani basi anashonewa mfuko wa siri na ujumbe wa namna hiyo kwenye simu, mwendawazimu, "usipumue kidogo," sipumui... lakini yeye alilala wapi? Baba. Miaka yote ile. Mama alimuuliza umekula, kaka aliuliza umeniletea nini, mimi niliuliza ni mbali kiasi gani, na blanketi lile la kijivu la nyuma ya kiti, linalonuka dizeli, mama alilifua kila aliporudi na aliyelianika ni mimi, kwa mikono yangu hii, nikalikunja likiwa na joto la jua, na sikuwahi kuuliza ni la nini, usiku ulipomkuta ndipo alipolala, kando ya barabara, nyuma ya ghala la mtu, foleni ya mpakani siku mbili, hakuwa na daftari, aliondoka asubuhi ile na yeye mwenyewe hajui atalala wapi, akaniuliza mimi, mtoto wa miaka kumi... ndiyo, alikuwa mwanaume, na spana chini ya kiti, najua, nisijidanganye, kabari naibeba na filimbi naibeba, lakini usiku tatu kati ya arobaini na moja, tatu tu, nitaandika hela yake na mahali pa jina nitapaacha peupe, na ule ujumbe nikishuka kwenye stuli hii naufuta, "haya, pumua," napumua, kumbe nilikuwa sijapumua kweli.

"Unasafiri na nani?" ananiuliza kiooni.

"Peke yangu," na neno limetoka wazi, halina hata mhandisi wa barabara ndani yake, na fundi ananitazama juu mpaka chini, atasema, najua atasema, anatoa pini moja mdomoni, "basi huu nakupigia mshono mara mbili," anachoma, anasogea, goti lake linalia, simu inaanza tena kutetemeka, nitampigia mama jioni nimwambie mwenyewe, aulize, nitamwambia kuna siku tatu sijui mama, sijui kabisa...

"Halafu niongezee mifuko miwili huku pembeni," nasema, "ya nje, ya kawaida."

"Ya kuwekea nini? Ya nje wataiba."

"Mikono."

Anacheka mpaka inabidi azitoe pini zote. Geuka, ananiambia, geuka nipime.