Nyumba ya Gatwiri Ng'ambo ya Daraja

Huku kwetu Kibirichia mtu hanunui shamba wakati wa jua. Wakati wa jua kila shamba ni zuri. Unangoja mvua ya mwezi wa nne, unajifunika gunia kichwani, unasimama katikati ya shamba la watu na kuangalia maji yanapita wapi na yanalala wapi. Yakilala, waru zako zitaozea ardhini, na mwaka huo utanunua viazi sokoni Gakoromone kama mtu wa mjini. Marehemu mume wangu alinunua shamba letu hivyo. Muuzaji alikuwa ndani akinywa chai, yeye yuko nje amelowa. Aliporudi alisema neno moja tu, kwamba anachukua.

Kwa hivyo Gatwiri aliponionyesha nyumba yake kwenye simu, mwezi wa kwanza, jua likiwaka, nilimuuliza mvua ya Pwani hunyesha lini.

Gatwiri ni kifungua mimba wangu. Ana miaka arobaini na miwili, hajaolewa, na anafanya kazi Mombasa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kwa miaka kumi na mmoja amepanga vyumba viwili juu ya duka la dawa, katika mji mmoja ng'ambo ya daraja, kaskazini mwa Mombasa. Mji huo ni wa watu wenye nafasi zao. Wanalala huko kwa ajili ya upepo na bahari, asubuhi wanavuka daraja kwenda kazini, jioni wanarudi. Gatwiri naye huvuka nao, lakini yeye analala upande wa barabara usio na bahari.

Nyumba aliyoipata ilikuwa moja kati ya nyumba kumi na nne ndani ya ukuta mmoja wenye geti moja, na kidimbwi cha kuogelea katikati. Ilikuwa ya kona. Ukipanda ghorofani, bahari hiyo mbele yako. Benki ilikubali kumsaidia. Iliyobaki ingetoka kwa robo yake ya shamba, ile ya karibu na barabara, ambayo baba yake alimtengea mbele ya wazee wa ukoo kabla hajafa. Munene, jirani anayeilima kwa kukodi, alikuwa tayari kuinunua.

Lakini hati ya shamba lote iko kwa jina langu, na shamba haliuzwi hivi hivi. Mwenye hati huenda mbele ya bodi ya ardhi, inayokaa mara moja kwa mwezi, pamoja na watoto wake wakubwa, akaulizwa kama anakubali kwa hiari yake. Asiposema ndiyo kwa mdomo wake, hakuna kinachoendelea. Kithinji, mdogo wake Gatwiri, ambaye ni mwalimu huko Embu, alipiga simu akasema yeye hana neno, dada yake auze. Nikabaki mimi.

Nilimwambia Gatwiri kwamba nitasema ndiyo nikishaiona hiyo nyumba ikinyeshewa.

"Mami, hiyo ni nyumba," akasema. "Si shamba ya waru."

"Na imesimama juu ya nini, mawingu?"

Alicheka, kwa maana wakati huo tulikuwa bado tunaweza kucheka. Akamwomba muuzaji avute subira.

Jumapili iliyofuata, tulipomaliza sala za jumuiya nyumbani kwa Makandi, niliwaeleza akina mama, nao wakanisifu. Makandi alisema watoto wa siku hizi wanaweza kununua hata shimo, mradi limepakwa rangi. Mwingine akasema amesikia huko Pwani maji huingia mpaka kitandani. Nilipokea sifa zote nikaenda nazo nyumbani. Bodi ilikaa mwezi wa pili bila mimi. Ikakaa mwezi wa tatu. Gatwiri alinipigia akasema muuzaji anauliza, na tena kuna daktari mmoja anayeizunguka ile nyumba kila Jumamosi. Nikamjibu kwamba ya Mungu hayataki haraka. Akasema tu, "Haya, Mami." Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Mvua ya Pwani huja nyuma ya yetu. Sisi tulikuwa tumeshapalilia ndipo Gatwiri akapiga simu, mwezi wa tano, akasema mawingu yamefunga, nije. Kithinji akanikatia tiketi ya basi. Nikabeba waru na kabeji, maana sikutaka kufika kwa mtoto mikono mitupu.

Siku mbili za kwanza haikunyesha. Nilikaa dirishani juu ya duka la dawa nikiutazama huo mji. Saa kumi na moja alfajiri magari huanza kutoka, moja moja, kila gari na mtu wake mmoja. Ikifika saa mbili mji umebaki na wasichana wa kazi, watunza bustani na mbwa, na hao mbwa hutembezwa na watu wanaolipwa mshahara. Wazee wa Kizungu wanaenda dukani na kaptura, miguu yao myekundu. Unaweza kukaa hapo tangu asubuhi mpaka alasiri usisikie mtu akimwita mwenzake kwa jina. Jioni magari yanarudi, mageti yanafunguka na kufungwa. Nikajisemea, mtu akiugua hapa atajulikana na nani?

Lakini macho yangu hayachagui ya kuona. Niliona pia jinsi Gatwiri anavyopanda ngazi gizani kwa sababu mwenye nyumba hajabadilisha balbu. Niliona picha ya baba yake imeegemezwa juu ya jokofu. Nilimuuliza mbona asiitundike. Akasema hawaruhusiwi kupigilia misumari ukutani, iko kwenye mkataba. Miaka kumi na mmoja baba yake ameegemea jokofu. Nilimenya waru.

Siku ya tatu, Jumamosi, ikanyesha. Mvua ya kwetu hukuonya kwa baridi kabla haijafika. Hii ilishuka yote mara moja, tena ya vuguvugu. Tukavuka barabara chini ya mwavuli mmoja. Mlinzi wa geti, Mgiriama wa makamo, alikuwa anamjua Gatwiri, akatufungulia. Gatwiri akaniambia twende tukasimame kibarazani. Nikakataa. Nikasimama uani mbele ya nyumba ya kona nikingoja maji yalale.

Hayakulala. Udongo wa huko ni mweupe, mchanga na vijiwe vya matumbawe, na ulikuwa unakunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikafuata ukuta mpaka mwisho, nikichoma ardhi kwa ncha ya mwavuli, na Gatwiri amebaki akinyeshewa. Nikainama kutazama msingi. Mlinzi akaona afadhali aje.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Natafuta matope."

Alimtazama Gatwiri, akanitazama mimi. "Matope, mama, hapa mpaka uyaagize kwenu."

Hata mimi ilibidi nicheke. Mvua ikakatika, na kabla sijamaliza Salamu Maria kumi moyoni, uani palikuwa pamekauka kama hapakunyesha kitu. Nikamrudishia Gatwiri mwavuli. Nikamwambia nimeona, nyumba ni nzuri, mwezi ujao nitaenda mbele ya bodi.

"Ilienda, Mami," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia saa. "Daktari aliichukua wiki jana."

Nilimuuliza kwa nini basi ameniacha nisafiri mwendo wote huo kuja kupima ua wa mtu mwingine.

"Nilitaka uone mwenyewe. Nilitaka ujue sikuwa mjinga." Akakung'uta maji kwenye mwavuli. "Nilikuwa hata nimepima madirisha, ya mapazia."

Kulikuwa na kiti cha saruji karibu na kile kidimbwi. Nikaenda kuketi, nguo zikiwa zimenishika mwilini. Ningeweza kusema pole na mambo yakaishia hapo. Kule nyumbani Makandi na wenzake wangesema nilifanya kama mzazi mwenye busara. Hakuna ambaye angejua. Lakini nimefundisha katekisimu ya watoto miaka ishirini, na nimewaambia wengi kwamba uongo si lazima uwe maneno ya uongo. Unaweza kuchukua neno la kweli kabisa ukajifichia nyuma yake. Kuhusu mvua na mashamba nilikuwa nimesema kweli. Nilikuwa nyuma yake.

"Gatwiri, keti," nikasema. Akaketi. "Si mvua niliyokuwa nangoja. Nilikuwa nangoja uchoke."

Akauweka mwavuli chini.

"Baba yako alikuachia ile robo. Ukiiuza, nilisema, huyu hana tena cha kumrudisha Kibirichia. Atakuwa mtu wa huku. Nimekushikilia na hilo shamba, mwanangu, na nikamsingizia Mungu kwamba ndiye hataki haraka."

Aliyatazama matone yakianguka kutoka kwa paa la daktari. Mwishowe akanigeukia.

"Kwani Mami unafikiri mimi huja Krismasi kuangalia waru za Munene?"

Nikakamua maji kwenye pindo la nguo yangu.

"Kila mwaka unanipeleka huko kwa mpaka na viatu vyangu vya mji. Unanionyesha kigingi kile kile. Mimi hukufuata kwa sababu naona unafurahi kunionyesha. Hiyo robo ingekuwa jangwa, bado ningekuja." Akaigeukia nyumba ya kona. "Na ile ya kona niliipenda. Sitakuficha. Niliipenda sana."

Nikamwomba msamaha. Hakuniambia si kitu, na nilimshukuru moyoni kwa kutoniambia hivyo. Alinishika tu mkono tukainuka, tukapita nyuma ya nyumba zile, mpaka ya mwisho, iliyoangalia ukuta na mwarobaini mmoja. Hiyo ilikuwa bado haijachukuliwa. Bahari haionekani kutoka dirisha lolote. Nilimuuliza kama itamtosha, maana watu wa mji huo wamehamia huko kwa sababu ya hiyo bahari.

"Bahari naiona kila siku nikivuka daraja," akasema. "Mimi nataka mlango wangu."

Sikuchunguza msingi wa hiyo. Niliingia, nikaona jikoni pana dirisha zuri, nikatoka.

Bodi ilikaa mwezi wa sita, siku ya Alhamisi. Kithinji aliomba ruhusa shuleni akaja kutoka Embu, Gatwiri akaja kutoka Mombasa, na Munene alikuwa amefika kabla yetu sote, amevaa koti la kanisani. Tulingoja mpaka karibu saa saba ndipo tukaitwa. Mwenyekiti alisoma namba ya shamba na jina langu, akawauliza watoto wangu mmoja mmoja, wakajibu. Kisha akanigeukia.

"Mama Marcella, unakubali kwa hiari yako? Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna aliyenilazimisha," nikasema. "Mimi ndiye niliwalazimisha hawa kungoja. Kama ningekuja mwezi wa pili, mtoto wangu angepata nyumba aliyoipenda. Sasa anapata iliyobaki. Nakubali, na hayo pia myaandike."

Karani akainua kalamu, asijue afanye nini. Mzee mmoja wa bodi alikohoa. Kithinji alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akamwambia karani aandike kwamba mama amekubali, yale mengine ni ya familia.

Nikapewa karatasi. Mimi niliishia darasa la saba na siandiki haraka, na upepo ulikuwa unaingia kwa dirisha unaipeperusha. Gatwiri, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akainama, akaishikilia pembe kwa vidole viwili mpaka nikamaliza jina langu lote.