Chakula cha Mchana Malka Guracha

Kila wageni walipopanda meli pale Kipini, kazi ya kwanza ilikuwa ya Abdia. Aliwakusanya kwenye sitaha ya juu, mikoba yao ikiwa bado mabegani, akawaeleza safari ilivyo. Meli ni ndogo, ina vyumba sita tu, kwa hiyo ukikohoa jirani atakusikia. Maji ya kuoga hutoka mtoni nayo ni mekundu. Hayadhuru, ila taulo jeupe uliache mkobani mwako. Mafungu ya mchanga huhama bila kumuaga mtu, na meli ikikwama tutashuka wenye nguvu tusukume. Ukipita kijiji cha Ozi, simu itabaki kuwa saa na tochi. Usiku viboko watanguruma chini ya dirisha lako, nawe utadhani wameingia ndani. Wageni walicheka, wakauliza kuhusu mamba, akawajibu bila kuwatisha wala kuwadanganya.

Alisomea utalii Mombasa, lakini kwao ni ng'ambo ya Garsen, kwa Waorma wafugaji. Ng'ombe wa ukoo wao hunywa maji Malka Guracha. Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni, na hiyo ni pana, imekanyagwa na kwato tangu enzi za mababu. Kando yake kuna migunga yenye kivuli kizuri. Kivuli hicho ndicho alichokipenda Philemon, meneja wa meli, alipotafuta mahali pa kuwaandalia wageni chakula cha mchana.

Mwaka uliopita Philemon alikwenda kwa wazee kuomba ruhusa, Abdia akiwa mkalimani. Wazee walikijua Kiswahili vizuri, lakini mambo ya maji walitaka yasemwe kwa Kiorma, ili kila neno lipimwe. Philemon akaahidi kwamba meli itatia nanga pale wakati wa mvua tu, ng'ombe wakiwa mbali kwenye malisho. Kiangazi kikiingia, malka itabaki ya mifugo. Abdia aliitafsiri ahadi hiyo mara mbili, kwa sababu ami yake Roba, mdogo wa marehemu babake, aliomba airudie. Roba hakumtazama Philemon hata kidogo. Alimtazama yeye.

Mvua za vuli hazikuja. Kufikia mwezi wa pili nyasi zilikuwa zimegeuka vumbi, na wafugaji wakaanza kurudi mtoni mmoja mmoja. Abdia alimkumbusha Philemon ile ahadi. Alijibiwa asiwe na wasiwasi, mambo yamepangwa.

Safari iliyofuata, meli ilipozunguka kona ya Malka Guracha, Abdia aliona jinsi yalivyopangwa. Nyaya za seng'enge zilikuwa zimefunga njia yote, kutoka migunga ya upande huu hadi ile ya pili. Walinzi wawili wenye marungu walisimama mbele yake. Ndani ya ua meza zilikuwa tayari, zimetandikwa vitambaa vyeupe, na mpishi akigeuza kuku juu ya makaa.

Nje ya ua walisimama ng'ombe wa Roba. Walikuwa wamekonda hadi mbavu zikahesabika, na wote wameelekeza pua zao mtoni. Roba na vijana wake waliwazuia kwa fimbo na kwa sauti, jasho likiwatoka.

Wageni walishuka, wakakaa. Wengine walifurahi kuona mifugo karibu namna ile, wakatoa kamera. Philemon akamvuta Abdia kando.

"Mwambie mzee asubiri kidogo. Wageni wakimaliza kula, tutamfungulia."

"Mwambie wewe," Abdia alisema. "Kiswahili anakijua."

"Abdia, hii ndiyo kazi yako."

"Kazi yangu niliifanya mwaka jana. Nilimwambia kiangazi hutakuwepo. Leo nimwambie nini, kwamba nilikuwa natania?"

Philemon alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyedeka mbele ya wageni. Akasema wakubwa wa Nairobi hawajui mambo ya kiangazi wala ya masika, wanajua watu wamelipia safari na wameahidiwa kula chini ya miti. Kisha akaenda mwenyewe kuzungumza na Roba. Abdia hakusikia waliyoambiana. Alimwona tu ami yake akinyoosha mkono kuelekea ng'ombe, kisha kuelekea mto, kama anayemweleza mtu jambo ambalo hata punda analijua: mnyama aliyenusa maji haambiwi subiri.

Fahali mmoja akausukuma ua kwa kifua. Nguzo moja ikainama. Mwanamke mmoja pale mezani akasimama kwa hofu.

Philemon akarudi mbio melini, akamwamuru nahodha Mwaro apige honi kuwafukuza. Mwaro ni mtu wa Kipini, mpole, hajawahi kumbishia meneja hata siku moja.

"Ng'ombe hawa wakishituka watakwenda wapi?" Mwaro aliuliza. "Kushoto ni genge. Miye siipigi."

Philemon akampita, akaibonyeza honi mwenyewe. Akaibonyeza tena, akaishikilia.

Kundi likageuka kwa mshindo mmoja. Vumbi likafunika kila kitu, kuku, meza, wageni. Ng'ombe walikimbia kushoto, pale mto ulipoumega ukingo ukaacha genge lenye kimo cha nyumba. Wengi walijizuia. Jike mmoja mwekundu, mwenye mimba kubwa, akasukumwa na wenzake, akaanguka hadi kwenye matope ya chini. Alipojaribu kuinuka, mguu wa mbele ulijikunja mahali ambapo mguu haujikunji.

Roba alishuka kwa kuteleza. Alimshika pembe, akampapasa ule mguu. Kisha akamwita mwanawe alete kisu. Wakamgeuza yule ng'ombe kuelekea kibla, Roba akasoma bismillahi, akachinja. Tumboni ndama alicheza kidogo, kisha akatulia. Haya yote yalitendeka wageni wakiwa juu ya genge, wamejipanga ukingoni kama watazamaji wa mpira.

Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akamsogelea Abdia. Akamuuliza kwa adabu kabisa kama hii ilikuwa sehemu ya ratiba.

 Abdia alimjibu kwa Kiingereza, polepole, wote wasikie.

"Hapana. Hii ni njia ya maji ya ng'ombe hawa, na nyinyi mmewekewa meza katikati yake. Mimi ndiye niliyewaahidi wenye ng'ombe kwamba hamtakuwepo. Aliyepiga honi ni yule pale."

 Mwanamke mmoja akaanza kulia, akabeba kiti chake kurudi melini. Wengine wakamfuata. Kijana mmoja akamuuliza mpishi kama kuku ataliwa melini, na Abdia, aliyekuwa amejizuia hadi hapo, akampokonya mpishi sinia na kumwaga kuku mchangani.

Kisha akaenda kwenye ua. Aling'oa nguzo ya kwanza kwa mikono, seng'enge ikamchana kiganja. Walinzi walimwangalia. Mmoja wao, Kaingu, akaweka rungu lake chini, akang'oa ya pili. Philemon alipiga kelele kutoka melini kwamba Abdia hana kazi tena, asikanyage tena ubao wa meli ile. Abdia hakugeuka. Ng'ombe waliobaki walipita kati yao wakashuka kunywa, na meli ikaondoka bila yeye.

Jioni alitembea na Roba hadi nyumbani.  Walipofika, Abdia alimwambia hakujua habari za ule ua.

"Najua hukujua," Roba alisema. "Lakini neno nililisikia kinywani mwako."

Hilo lilimuuma kuliko kiganja.

Baada ya majuma kadhaa kulikuwa na kikao cha wazee Garsen. Kampuni ya meli ilimtuma mtu mwingine, mwenye sauti laini, akaleta mtamba wa fidia na kuomba radhi. Malka haitafungwa tena, alisema. Roba akampokea mtamba. Abdia alimfuata nje, akamuuliza vipi anawakubalia kirahisi namna ile watu waliomuulia ng'ombe wawili, mama na ndama wake, kwa siku moja.

"Nina watoto wanaotaka maziwa," Roba alisema. "Hasira haikamuliwi."

"Basi mimi nitabaki nayo."

"Baki nayo, mwanangu. Sikukatazi."

Yule wa sauti laini alimwomba Abdia arudi kazini, Philemon amehamishiwa Lamu. Abdia aliuliza amehamishwa au amefukuzwa. Amehamishwa, alijibiwa, na huko atasimamia meli iliyo kubwa zaidi. Abdia akamwambia atafute mtu mwingine wa kuwaambia wageni wake habari za mto, kisha akavuka barabara bila kumuaga.