Kuvu ya Kwenye Jiwe

Mwaka huo kamati ya uhifadhi ilikuwa na nafasi moja tu: kiumbe kimoja kitawekewa ulinzi na makao yake yasiguswe. Mwishoni walibaki wawili. Nguchiro, kijinyama kiwindaji chenye pua ya umbea, na kuvumwani, kijimea cha kijani, kifupi kama zulia lililochakaa, kilichobaki kwenye jiwe moja tu duniani, pale chemchemi inapotokea.

Nguchiro alitetewa na bwana mmoja mpole. Kuvumwani ilitetewa na mke wa kaka wa bwana huyo, mtaalamu wa mimea mwenye shahada tatu na subira ya kiberiti.

Yule bwana alionyesha picha za watoto wa nguchiro, wajumbe wakalegea kama mabibi waliopakatishwa mjukuu. Mtaalamu akawatazama kuanzia viatu. Watu wazima na suti zao wanaishiwa nguvu kwa mla panya! Zamu yake ilipofika, mwenyekiti akauliza kama hiyo kuvumwani ina macho. Akamjibu kuwa yeye mwenyekiti anayo, na hayajamsaidia kitu.

Akaendelea, "Nguchiro wamebaki mia mbili, na wana miguu ya kukimbilia. Hii imebaki kwenye jiwe moja, na haina pa kwenda."

Kwa aibu, au kwa kuchoka naye, wakampa nafasi.

Karani akaandaa barua ya kwenda kwa mlinzi wa chemchemi. Neno kuvumwani lilimpiga chenga, akaandika: "Kuvu iliyo kwenye jiwe ishughulikiwe mara moja." Akamwomba mtaalamu aipitie kwanza. Mtaalamu hakuwa na muda wa kusoma maandishi ya makarani. Alisaini huku akitafuta funguo za gari.

Wiki iliyofuata akaenda kuiona kuvumwani yake. Jiwe lilikuwa jeupe, linanuka dawa ya choo. Mlinzi, mzee nadhifu, alisimama na brashi ya waya akisubiri pongezi. Alieleza kuwa amesugua siku mbili, maana kuvu ile ilikuwa king'ang'anizi.

Mtaalamu akakaa kwenye matope na sketi yake nzuri. Akapapasa kila ufa. Hapakuwa na kijani hata cha kujaza kijiko cha chai. Alilia mbele ya mlinzi bila kujificha.

"Hakuna aliyekukataza?"

"Yule bwana wa nguchiro alipita, mama. Akasema nisiguse, huo ni mmea wako. Nikamwonyesha barua. Akaisoma mara mbili, akasema kama sahihi ni yako, basi wewe unajua zaidi yake."