Taja Mnyama Upite

Mtaani walimwita Kufuli, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Alikuwa fundi bomba wa hospitali, mrefu, mwenye mikono mikubwa na mdomo uliofanya kazi ya kula zaidi ya kazi ya kusema. Ukimpa habari ya msiba atatikisa kichwa. Ukimpa habari ya harusi atatikisa kichwa kilekile. Mkewe, mpishi wa shule, alimjua hivyo tangu uchumba. Mashoga zake walipomuuliza enzi zile wakiwa wawili wanaongea nini, aliwajibu kwamba yeye anaongea na mwenzake anakula. Alimpenda hivyohivyo. Lakini tusidanganyane, kuishi na mtu asiyesema ni kazi, na kuna jioni mpishi alikuwa akijikuta anazungumza na sufuria.

Aliyekuja kumfungua mdomo ni baiskeli. Mtoto wao wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye kila mtu alimwita Cheche, alikuwa ameshahama na kupanga chumba karibu na karakana yake mjini. Ndipo Kufuli akahamishiwa hospitali kubwa, mbele kidogo ya shule anakopika mkewe. Njia ikawa moja na baiskeli ikawa moja. Kupakizwa mpishi alikataa katakata, maana chuma cha nyuma kilimuumiza makalio na hakuona aibu kulisema. Basi wakabuni mtindo wao. Asubuhi mpishi anatangulia na baiskeli hadi darajani, anaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, kisha anamalizia njia kwa miguu. Kufuli anatoka nyumbani kwa miguu, anafika darajani, anafungua mnyororo kwa ufunguo wake, anapanda, na kabla ya kufika shuleni anampita mkewe njiani. Jioni wanageuza. Waliowaona waliwacheka, wakasema hawa wawili wanafukuzana na hawakamatani.

Siku za mwanzo Kufuli alimpita mkewe kama anavyompita mtu yeyote, kengele tu, kring, amekwenda. Mpaka asubuhi moja, karibu na reli, alipopunguza mwendo, akageuza shingo na kusema, "Kenge!" Kisha akakanyaga pedali akaenda zake.

Mpishi alishinda na neno hilo siku nzima. Alikatakata vitunguu vya watoto wa watu kwa hasira mpaka msaidizi wake akamwomba kisu. Jioni, kabla hata ya kuvua viatu, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Asubuhi umeniita nani?"

Kufuli akashtuka, na kwa sababu ya kushtuka akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema tangu waoane. Kwamba si yeye, Mungu apishe mbali. Kwamba kulikuwa na kenge kweli, mkubwa, kwenye bomba la maji machafu chini ya daraja, ametoa kichwa na mkono mmoja nje kama mpangaji anayechungulia dirishani kuona nani anagonga. Kwamba alisimama akamtazama, na kenge naye akamtazama, na wote wawili walikuwa wanachelewa kazini. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka kwa kitu kingine pia, nacho ni kwamba mumewe alikuwa anaongea, huku mikono yake mikubwa inapima urefu wa mkia hewani.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yao, mwaka hadi mwaka. Anayepita anataja mnyama. Anayetembea anabaki na jina hilo mpaka nyumbani, analigeuza kichwani, anajiuliza alikuwa wapi na anafanya nini. Jioni, chakula kikiwa jikoni, mwenye mnyama anatoa habari kamili. Kufuli alileta bundi wa tanuri la matofali, anayelala jicho moja wazi kama mlinzi wa zamu. Alileta panya buku aliyekuwa anaburuta soksi ya mtu kuingia nayo shimoni, akamweleza mkewe rangi ya soksi na upande uliotoboka. Mpishi alileta mdiria, yule ndege mvuvi, aliyekuwa anampigiza samaki kwenye chuma cha daraja, na yangeyange waliopanga mstari nyuma ya mtu anayelima, wanasubiri wadudu. Siku nyingine hakuna kitu, ni kunguru tu, lakini hata kunguru Kufuli alimpatia habari. Mtu yule aliyewashinda majirani wote kwa kukaa kimya alikuwa anamwagika maneno jikoni kwake, na mpishi aliona raha ambayo hakumsimulia mtu yeyote. Ilikuwa yake.

Sasa siku moja, Jumamosi, Cheche akaja na zawadi. Aliisukuma mpaka uani, uso umejaa tabasamu. Ilikuwa baiskeli. Aliitafuta vipande vipande, fremu huku, magurudumu kule, akachomelea mwenyewe kikapu cha mbele na kuipaka rangi ya kijani. Tandiko alikuwa amelivalisha sponji kwa ajili ya mama yake.

"Hamtaachana njiani tena," akasema. "Mtakwenda pamoja, kama watu."

Mpishi alimkumbatia mwanawe akamshukuru kwa moyo wote. Kufuli akatikisa kichwa, akapitisha kidole kwenye kila mahali palipochomelewa, akatikisa kichwa tena.

Jumatatu wakaenda pamoja. Kufuli mbele, mpishi nyuma. Karibu na matete ndege mkubwa wa kijivu akanyanyuka.

"Umemwona?" mpishi akaita.

"Nimemwona."

Basi. Ikaishia hapo. Utamsimulia mtu kitu gani alichokiona kwa macho yake? Tena kwa baiskeli mbili walikwenda haraka, tandiko lilikuwa laini, na mpishi aliutazama mgongo wa mumewe kutoka nyumbani mpaka shuleni. Alikuwa anaujua mgongo ule. Jioni wakakaa jikoni, chakula kikatokota, redio ikaongea peke yake. Kesho yake vilevile. Wiki ikapita, na nyingine, na Kufuli akarudi kuwa Kufuli. Mpishi alimwona anavyozama, taratibu, na moyo ukamuuma kama wa mtu anayefiwa na hana wa kumwambia.

Alijaribu ujanja. Asubuhi moja alitoa upepo gurudumu la baiskeli ya kijani. Kufuli akalitazama, akaleta pampu, akalijaza kabla chai haijapoa, wala hakuuliza. Ndiyo hasara ya kuolewa na fundi. Mwishowe akaona bora aseme.

"Hatuongei tena," akamwambia usiku wa siku hiyo wakila.

Kufuli alitafuna, akameza. "Tuongee nini? Ulichokiona nimekiona."

"Basi turudie ya zamani. Ile moja inatosha."

Hapo Kufuli akaweka kijiko chini. "Mtoto amejitahidi," akasema. "Umeona alivyochomelea kile kikapu? Hata ncha moja haikuchomi." Akakiokota tena kijiko. "Siwezi kumrudishia."

Mpishi naye hakuweza. Hapo ndipo walipokwama, kati ya kumvunja moyo mtoto na kurudi kwenye jioni za kuzungumza na sufuria. Alizungukazunguka na jambo hilo siku kadhaa, akilala nalo na kuamka nalo. Kisha akakata shauri kwamba atakwenda kwa mwanawe, atasema ukweli, na litakalokuwa na liwe.

Karakana ya Cheche ilikuwa banda la mabati lenye mageti yaliyoegeshwa kila upande. Alipomwona mama yake alizima mashine, akavua kinga ya uso, akapangusa kiti.

"Shikamoo mama. Kuna tatizo na baiskeli?"

"Marahaba baba. Baiskeli haina tatizo. Tatizo ni kwamba ziko mbili."

Akamweleza. Hakuwa na namna nzuri ya kuanza, kwa hiyo alianzia kwa kenge akaja mpaka kwenye pampu. Cheche alisikiliza, ameshika glovu zake, na kila mama yake alipozidi kueleza ndivyo uso ulivyozidi kumshuka.

"Lakini mimi nilikuona," akasema. "Nilikuwa nyuma ya lori, nimetoka kuchukua vyuma. Nilikuona karibu na reli umechuchumaa, umevua viatu, umejishika shavu. Peke yako. Nikasema mama yangu amechoka namna ile na mimi nipo? Sikulala mama. Ndiyo maana nikaanza kutafuta fremu."

Mpishi alitafuta kichwani. Kisha akaangua kicheko kilichomleta fundi jirani kuchungulia.

"Yule alikuwa kinyonga!" akasema, anafuta machozi. "Alikuwa anavuka barabara. Unawajua wanavyovuka, mguu mmoja mbele halafu anafikiria. Viatu niliviweka huku na huku ili wenye baiskeli wamkwepe. Mimi nilikuwa nasubiri tu amalize. Na alinichelewesha, baba yako akanipita nikiwa palepale, na nikashindwa hata kumwambia kwa kucheka."

Alitegemea Cheche naye acheke. Cheche hakucheka. Alizigeuza glovu mikononi.

"Baba anaongea?" akauliza.

"Nini?"

"Hayo ya bundi, na panya na soksi yake. Anayaeleza yeye mwenyewe, baba?"

"Anaeleza, tena anatia chumvi."

Cheche akatazama nje, kwenye mageti yake. "Mimi hajawahi kunieleza kitu, mama. Alinifundisha kushika spana, alinifundisha kuendesha baiskeli, yote kwa kuonyesha kwa kidole. Nimekua nikijua hivyo ndivyo alivyo." Akaziweka glovu chini. "Nikadhani hana la kuniambia."

Kicheko kikamkauka mpishi. Alikuja pale kudai kilicho chake, na hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kuna mwingine aliyekuwa anakihitaji zaidi. Raha ile aliifungia jikoni kwake miaka yote, na mwanawe wa kumzaa alikuwa mwendo mfupi tu, anachomelea vyuma, anaamini baba yake hana neno naye. Aliona aibu. Alitaka kuomba radhi, lakini Cheche alikuwa tayari anasema baiskeli ataichukua, haina shida, kuna mteja anaulizia.

"Usiiguse," mpishi akasema. "Ile ni yangu. Tandiko limenizoea."

"Sasa?"

"Sasa Jumapili uje ulale nyumbani."

Cheche akaja. Kufuli alipomwona na mfuko wa nguo akatikisa kichwa, akampisha kwenye kiti. Asubuhi yake, wakiwa wanakunywa chai, mpishi akatangaza mpango kama anavyogawa kazi jikoni shuleni, kwa sauti isiyosubiri majibu. Yeye atakwenda na baiskeli yake ya kijani. Wanaume watatumia ile ya zamani kwa mtindo uleule. Cheche, ambaye karakana yake iko njia hiyohiyo, atatangulia nayo hadi darajani na kuifunga kwenye nguzo, baba yake ataifuata.

"Na anayepita anataja mnyama," akamalizia.

Kufuli alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe, masikio yakamwiva. Mpishi akajua amemwanika. Ilikuwa siri yao, na yeye ameimwaga mezani mbele ya mtoto. Hakuwa na hakika kama mumewe atasema hata neno moja njiani, na kama hatasema, basi Cheche atarudi kwake na uthibitisho wa alichokuwa anakidhani maisha yake yote. Alipanda baiskeli akatangulia.

Alivuka daraja, akavuka reli. Hapo hakuweza kuendelea. Akashuka chini ya nguzo ya umeme, akajifanya anashughulika na mnyororo, akasubiri. Mwanawe alitokea kwa mbali anatembea, baiskeli ameshaiacha, mikono mifukoni, anatazama huku na huku kwenye nyasi kama mtu aliyeangusha kitu. Baadaye, nyuma yake, akatokea Kufuli amekaa wima juu ya baiskeli.

Kufuli akamkaribia mtoto wake. Kring. Akampita. Mpishi akafumba macho.

"Nguchiro!"

Neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Cheche akageuka upesi.

"Wapi, baba?"

Baiskeli iliendelea mbele kidogo. Kisha breki zikapiga kelele, na Kufuli akashuka. Akaigeuza baiskeli, akaisukuma kurudi mpaka aliposimama mwanawe, akaiegemeza kwenye kiuno chake ili mikono yote miwili iwe huru. Kutoka pale kwenye nguzo mpishi hakusikia kitu. Aliona mikono tu, inaonyesha nyuma kwenye matete, inapima urefu, inaonyesha mdogo, na mdogo mwingine, na mdogo zaidi, wanafuatana. Aliona mdomo wa mumewe unakwenda na haukomi. Aliona Cheche ameinamisha kichwa kwake, halafu Cheche anacheka, halafu wote wawili wanageuka na kuanza kutembea taratibu upande walikotoka, baiskeli katikati yao, kwenda kuwatafuta.

Miaka yote ile Kufuli alikuwa hajawahi kushuka kwa ajili yake. Mpishi alihisi wivu, wivu wa kweli, wa kuchoma, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Alisimama nao mpaka wale wawili wakapotea nyuma ya matete. Wangechelewa kazini wote, na Kufuli alikuwa hajawahi kuchelewa.

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akapanda baiskeli yake, akaenda kubandika sufuria.