Mgomvi Huingia wa Mwisho

Mama mkwe alirudi siku ya kufua. Mama Pacha alikuwa ameinama uani juu ya ndoo ya kusuuzia, mikono imejaa mashuka ya watoto, akamwona anazunguka kati ya shuka na ukingo wa ndoo: samaki mdogo kama kidole, wa zambarau, mapezi yamefunguka kama ule mtandio aliozikwa nao. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na kidoa chake kilekile. Alipoona povu alivimbisha mashavu, kama alivyokuwa akiyavimbisha kila alipoona sabuni inatumiwa ovyo.

Mama Pacha akalitoa shuka taratibu, akambadilishia maji.

"Mama amerudi," alimwambia mumewe, aliyekuwa barazani akigongea kitambaa kwenye kochi la mteja.

"Amefika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Yumo kwenye ndoo."

Mume akaitoa misumari mdomoni. "Mwache kwanza apumzike," alisema, akamalizia mguu wa kochi.

Jioni walimhamishia kwenye chupa kubwa iliyokuwa ya achari, wakamweka juu ya kabati, ilipokuwa redio. Majirani wakaja, maana mlango wa nyumba ile haukujua kufungwa. Walimpa pole ya safari, wakamwambia amependeza, wakanywa chai. Wifi mkubwa, dada yake mume, akasogea hadi pua ikagusa kioo.

"Shikamoo, mama."

Mama akampa mgongo.

"Ni yeye," wifi alisema, akaenda kujiongezea sukari.

Tabu ilianza waliposema asikae peke yake. Mume, kwa moyo mweupe, alinunua samaki wawili wenye mikia mirefu ya rangi ya machungwa, mikia ya kwendea harusini. Hakumuuliza mtu. Asubuhi walikuwa wanaelea, mikia imebaki nyuzi, na mama yuko katikati ya chupa amevimba, anamtazama kila anayepita kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

"Ukali uleule," mume alisema. "Nilidhani ameuacha huko."

"Auache wapi? Mimi si alinirushia kijiko hapa?" Wifi akaonyesha paji la uso, ambalo halikuwa na alama yoyote.

"Akiua mwingine, nampeleka mtoni. Akagombane na wanaomweza."

Alisema kwa upole, lakini neno la mume huyu lilikuwa kama msumari wake: likishaingia halitoki. Na mto wa nyuma ya soko ulikuwa na kasi, na kambare wenye vinywa vya kumeza chungwa.

Mama Pacha hakuwa kipenzi cha mama mkwe. Katika jiko lile walikuwa paka na panya. Ila sahani ya mama alikuwa anaipeleka yeye, mpaka stoo alikokuwa analala. Chumba kile kiliitwa chumba cha mama, basi kwa heshima tu. Kitanda kilizuia mlango usifunguke wote, dirisha hakuna, na wageni wakija mlango unavutwa ili kelele zake zisiwafikie. Jioni ya mwisho mama alisema supu imepoa. Mama Pacha akamjibu, "Basi inywe hivyohivyo." Asubuhi hapakuwa na mtu wa kuombwa radhi. Sasa amerudi, na wanataka kumpeleka mtoni na neno lile bado liko kati yao kama mwiba.

Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda dukani kwa Mama Vioo.

Mama Vioo aliuza samaki wa mapambo katika duka jembamba lenye matangi hadi darini, na habari zote za mtaa zilipita hapo kabla ya kufika kwa wenyewe. Kuuza samaki kwake kulikuwa kama ushenga: lazima kwanza ajue ukoo.

"Unamtafutia nani wenzake?"

"Mama mkwe."

"Mpole?"

"Anang'ata mikia."

"Yule wa zambarau? Nilisikia amerudi, hongereni. Anakaa wapi?"

"Kwenye chupa ya achari."

Mama Vioo akaacha kuchokonoa meno. "Dada, nikufungie wewe kabatini na wageni wawili waliovaa kukushinda, hutanyofoa mtu?"

"Nitanyofoa," Mama Pacha alikiri.

"Sasa."

Wakapita tangi hadi tangi. Wale wenye mistari myeusi Mama Vioo aliwapita bila kuwatazama. Mashankupe wale, alisema, hawatulii mpaka wamdonoe mwenzao. Wenye mikia mipana hapana, atadhani ni wake wenza. Walioshabihiana naye rangi hapana kabisa. Akachota vikambare vidogo vya sharubu, vinavyokaa chini na kujali mambo yao, lakini akachota kundi, maana kimoja peke yake hufa kwa upweke. Kisha visamaki vyembamba vya kuogelea katikati ya maji, navyo kundi. Tangi liwe refu kama mikono miwili iliyonyooshwa, maji ya vuguvugu, pampu ya polepole. Majani mengi, na jani moja pana karibu na juu, kwa sababu wa aina yake hupanda kuvuta hewa na hupenda kulala hapohapo. Na vigae vya chungu, kila mtu apate pa kujificha akichoka na wenzake.

"Na yeye atangulie kuingia? Ndiye mkubwa."

"Thubutu! Mgomvi huingia wa mwisho. Ukimtanguliza ataona nyumba nzima yake. Akikuta wenzake wameshakaa, atapiga hodi."

"Kuku mgeni."

"Enhe. Huyu hata kamba mguuni hahitaji."

Mume alisikiliza yote akiwa na futi yake ya utepe mkononi. Alitengeneza meza ya tangi mwenyewe, na kwa kuwa sebule haikutosha, akalitoa kochi la wageni. "Samaki hawabanani," aliwaeleza majirani, nao wakakaa mkekani.

Vikambare viliingia, visamaki vikaingia, vikaachwa vizoee. Kisha Mama Pacha akaiinamisha chupa.

Mama aliingia amevimba. Alizunguka kona zote, akaingia nyuma ya kigae, akatoka. Hakuna aliyemtazama. Mashavu yakapungua. Akapanda, akavuta hewa, akajilaza juu ya jani pana, na kikambare kimoja kikaja kikatulia chini ya kivuli chake.

"Ametulia kama maji mtungini," wifi alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia moshi wa jikoni.

Tangu siku hiyo Mama Pacha alihamishia kazi zake za mikono pale. Akishona kifungo, mama hushuka hadi usawa wa kiwiko chake. Jioni moja, wengine wakiwa uani, aliweka kiganja kwenye kioo.

"Ile supu ilikuwa imepoa kweli, mama."

Mama akaja akaegemea kiganja, akakaa. Mama Pacha hakuuondoa mkono mpaka ulipokufa ganzi.

Mwezi uliofuata akaja shangazi, dada wa marehemu baba mkwe, na begi moja na miguu iliyovimba. Alikuja kukaa. Walimpokea kwa vigelegele, wakampa chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kilekile. Ukuta wa nje ulikuwa wa matofali tu na hakuna aliyefikiria kuutoboa dirisha.

Haikupita muda kijiko kikagonga mlango wa stoo kwa ndani.

"Na huyu naye kaanza," mume alisema. "Ukoo wetu una wanawake wakali." Wageni walikuwepo, akaenda akauvuta mlango. Aliporudi alikuta mama ameshuka kwenye jani, yuko kwenye kioo cha upande wa stoo, mashavu yamevimba, haondoki.

Mume akamtazama kwa huruma. Akatoa futi yake, akapima ukuta wa sebule mpaka mlangoni.

"Nafikiri tangi limeanza kumbana."

"Na shangazi?" Mama Pacha aliuliza.

"Shangazi ana chumba chake."

Mama Pacha akaipasha supu mpaka ikachemka. Akaibeba kwa mikono miwili, akaingia stoo ubavuubavu, maana mlango ule haukubali mtu kuingia vingine.